Uaguzi, Si Utatuzi wa Matatizo

Imenifikia orodha ya istilahi za umeme wa magari iliyopitishwa na kamati ambayo siitaji, wajumbe wake wanajijua. Saketi ile inayolifanya gari liseme lenyewe lina kasoro gani kwenye kruzi, kile kifaa cha kumshikia dereva spidi, wameipa jina la "saketi ya utatuzi wa matatizo ya kidhibiti mwendo". Fundi wa Karatu akimaliza kulitamka, mteja ameshapanda gari lingine.

Urefu ningeusamehe. Maana siisamehi. Tatizo limetokana na kutatiza, yaani kutia tata, kama uzi uliojisokota. Kutatua ni kuiondoa tata hiyo. Sasa gari limetoka Malambo, limetikiswa njia nzima, limejaa vumbi la majivu ya kale ya volkano. Linakanyaga lami langoni Loduare, dereva anawasha kruzi, haishiki. Waya wa sensa ya spidi umekatika. Tata iko wapi hapo? Tena saketi inayozungumziwa haitatui kitu. Inasema tu.

Neno tunalo, nami nimelipigania kwa muda: uaguzi. Kuagua ni kusoma dalili ukataja kilichofichika. Ndugu zake wametapakaa: Waganda wana kulagula, Wanyarwanda kuragura, Wakikuyu kũragũra. Kiswahili kiliidondosha l ile kama kilivyofanya kwa njaa, ambayo Waganda bado wanaiita enjala. Ni neno la ukoo mkubwa, halikuokotwa jalalani.

Nilipolipeleka kwa kamati nilijibiwa kwamba linanuka tunguri. Na linuke! Laiboni wa Kimaasai humwaga vijiwe kutoka kibuyuni, akavihesabu, ndipo akasema. Fundi naye, kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, huunganisha pini za TC na E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi, akakaa kuhesabu taa ya kruzi ikipepesa: mara mbili, inatulia, mara moja. Hiyo ni 21, ishara ya spidi haifiki. Wakadai pia kwamba kuagua ni kutibu. Kutibu kunafuata, kwa koleo na risasi ya kulehemu.

Mwenzangu mmoja wa chuoni anashikilia "utambuzi". Utambuzi ni kumjua unayemwona. Waya uliokatika nyuma ya dashibodi nani anauona? Hata Ralph Teetor, Mmarekani aliyepewa hataza ya kruzi mwaka 1950, alikuwa kipofu. Mwanasheria wake alikuwa akiendesha kwa kushtuashtua gari, yeye akiusoma mwendo ule kwa mwili, ukamkera mpaka akabuni dawa yake.

Taa isipopepesa kabisa, usikimbilie kulaumu kompyuta ya kruzi: pima kwanza waya wa TC, kisha E1 mpaka bodi, maana saketi ya uaguzi nayo hukatika. Mganga hajigangi, methali iliwatangulia wajumbe zamani.

Matumizi ni mepesi: saketi ya uaguzi, namba ya uaguzi, kuagua kruzi. Na kruzi ibaki kruzi, kama mafundi wanavyoiita. Kidhibiti mwendo tunacho tayari kwenye mabasi, kazi yake kumzuia dereva asizidishe spidi aliyopangiwa. Kruzi humshikia spidi aliyoichagua mwenyewe. Kamati imeviita vifaa viwili jina moja, halafu inaniambia mimi ndiye ninayeleta mkanganyiko.