Kwa Nini Breki ya Diski Ilichelewa Kufika kwenye Baiskeli

Barabara ya kutoka Bugarama hadi Bujumbura huteremka zaidi ya mita 1,000, na waendesha baiskeli huishuka wakiwa na mizigo ya ndizi na makaa. Breki zikikataa hapo, ni suala la uhai. Insha hii inaeleza kwa nini breki ya diski, iliyobuniwa zamani, ilichukua karibu karne nzima kuenea kwenye baiskeli.

Breki za mwanzo zilikuwa kipande cha chuma kilichokandamiza tairi kutoka juu. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, kasoro ilionekana: breki hiyo ilikula tairi. Mafundi wakahamia kwenye ringi. Mwaka 1896 Ernest Bowden aliandikisha uvumbuzi wa waya unaopita ndani ya ala, tunaoutumia hadi leo. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester akaandikisha breki ya diski kwa ajili ya magari.

Kwa nini baiskeli ilisubiri? Jibu limo ndani ya gurudumu lenyewe. Ringi ni kama diski kubwa: raba zikiibana, nguvu ndogo ya vidole inatosha. Diski ndogo iliyo karibu na ekseli huhitaji kubanwa kwa nguvu zaidi, na mzigo huo huangukia spoku na foki. Ndiyo maana majaribio ya miaka ya 1970 hayakuenea. Baiskeli za milimani ndizo zilizobadilisha mambo katika miaka ya 1990, kwa sababu tope kwenye ringi liliishinda raba. Katika mashindano ya barabarani, shirikisho la kimataifa, UCI, liliziruhusu kikamilifu mwaka 2018.

Kuna breki za diski za mafuta na za waya. Ya waya ndiyo inayomfaa fundi wetu wa kando ya barabara, lakini ina masharti yake. Nyingi husukuma pedi moja tu. Ya pili hukaa palepale. Hii ya pili ikiwa mbali, diski hupinda na mkono wa breki hugusa usukani kabla baiskeli haijasimama. Kwa hiyo fundi huisogeza kwanza hadi karibu kugusa diski, kisha hukaza waya. Pedi zikilika, kazi hiyo hurudiwa, kwa kuwa hazijisogezi zenyewe. Tone la mafuta ya mnyororo kwenye diski nalo hutosha kuidhoofisha breki.

Kwa kumalizia, kwenye mteremko mrefu breki ya ringi hupasha moto ringi, na tyubu inaweza kupasuka. Diski huuweka moto huo mbali na tairi. Historia hii inaonyesha kwamba uvumbuzi hauenei kwa sababu ni mpya, bali pale hitaji, chombo na fundi vinapokutana. Bugarama hitaji lipo na fundi yupo. Kinachokosekana ni baiskeli ya mizigo yenye foki imara na pedi ambazo mbeba ndizi anaweza kuzinunua.