Dai, Dalili na Kiasi: Asili ya Istilahi za Kupima Hoja katika Kiunguja

Elimu ya kupima hoja yahitaji maneno ya kuzitenga sehemu za hoja. Wako wafasiri wanaodhani kwamba Kiswahili hakina maneno hayo, wakaharakia kuazima mapya. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba mengi yamo katika Kiunguja tangu zamani, na kwamba yalilelewa katika mahakama za kadhi na katika darsa za Mji Mkongwe.

Tuanze na mahakama. Zama za masultani, Unguja ilikuwa na makadhi wa madhehebu ya Kiibadhi na ya Kishafii. Miongoni mwa hao wa pili alikuwamo Sheikh Ahmad bin Sumait (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija. Kanuni ya sheria ya Kiislamu ni kwamba mdai ndiye aletaye ushahidi, na akanaye huapa. Kwa hiyo neno *dai* lilibeba maana iliyo wazi: ni kauli ambayo bado haijathibitishwa, na mzigo wa kuithibitisha uko juu ya msemaji wake.

Katika darsa, wanafunzi wa fikihi walijifunza *kiasi*. Kwa Mashafii, hii ni nguzo ya nne ya kutolea hukumu, baada ya Kurani, Suna na Ijmai. Mfano wa vitabuni ni mvinyo wa zabibu: umeharamishwa kwa kuwa unalevya, basi kinywaji kingine kilevyacho, kama tembo la mnazi, hupewa hukumu ile ile. Atakaye kuuvunja mlinganisho huo hana budi kuonyesha kwamba sababu haimo katika vyote viwili. Katika matumizi ya kila siku maana hiyo ilififia, na *kiasi* kikabaki kuwa kipimo cha mchele na cha fedha.

Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Msamiati huu ukaingia shuleni na maofisini kote Afrika ya Mashariki. Huko neno *hoja* likatwikwa mizigo zaidi. Katika Baraza la Wawakilishi, lililoanzishwa mwaka 1980, kutoa hoja ni kuliomba Baraza liamue jambo. Kwa mkaguzi wa hesabu, hoja ni swali lidailo majibu. Kwa mwalimu, ni dai pamoja na dalili zake.

Hatari yake si ndogo. Taarifa isemayo "inadaiwa kwamba karani amekula fedha" ikifasiriwa "imethibitika", mfasiri amekwisha kumhukumu mtu kabla ya hakimu. Vivyo hivyo tusichanganye *dalili* na *uthibitisho*. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hupita na ardhi ikabaki kavu.

Twapendekeza basi: *dai* liwe kauli inayongoja ushahidi, *dalili*, kinachoielekeza akili, *uthibitisho*, kinachokata shaka, *hoja*, dai na dalili zake kwa jumla, na *mlinganisho* ushike nafasi iliyoachwa na kiasi. Mwalimu akiyashikilia haya, mwanafunzi wake ataweza kuuliza kila asomapo: nani mdai, na ushahidi wake u wapi?