Papa watatu, na hawajuani

Kuna tabia imeshika sana mtandaoni. Mtu anachukua neno la lugha yake, analiweka kando ya neno la Kiebrania ama la Misri ya kale, yanafanana, na hapo hapo kabila lake limeshatoka Yerusalemu. Ukiuliza ushahidi, ni hilo neno moja tu. Sawa, wacha tujaribu hiyo hesabu na neno "papa".

Mombasa, papa ni samaki, na akikaushwa apikwe na nazi, usiniambie kitu. Lakini Novemba 2015 habari zilisema Papa amefika Nairobi, na hakuna aliyekimbilia sufuria. Huyo wa pili asili yake ni Kigiriki: "pappas", vile mtoto alikuwa anamwita babake. Kilatini kikalichukua, likawa jina la maaskofu, mwishowe la askofu wa Roma.

Sasa ona. Papa huyo, Francis, alizaliwa Argentina, na huko "papa" pia ni kiazi! Hilo Wahispania walilipata kwa Wakechua, milimani Amerika Kusini, karne ya 16. Lugha moja, papa wa kanisani na papa wa kukaanga, na hawana undugu wowote.

Halafu kuna wale wa "mama" na "baba", ati yanafanana kila mahali kwa hivyo sote tulikuwa na lugha moja. Manze, sauti za midomo, m, p na b, ndizo mtoto huzimudu mapema, na mzazi anajipa hilo jina. Huko Georgia (ile nchi, sio ya Marekani) baba ndiye anaitwa "mama". Mama ni "deda".

Sisemi maneno hayasafiri. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na njia yake inaonekana: karne nyingi za biashara Pwani, na maneno mengine kibao yaliyokuja nazo. Ila tatu, nne, tano na kumi ni za Kibantu. Mkikuyu anasema ithatũ, inya, ithano, ikũmi. Angalia vile t ya mwanzo imegeuka th kwenye tatu, ikageuka tena kwenye tano. Sio bahati, hapo kuna mpangilio.

Wewe wa Yerusalemu, anza na moja hadi kumi. Tunangoja kwa comments.