Uvimbe wa Seli Mchanganyiko Karibu na Shina la Ubongo

Uvimbe wa seli mchanganyiko ni uvimbe wa ubongo wenye nyuroni, seli zinazopitisha ujumbe, pamoja na glia, seli zinazozitunza nyuroni hizo. Aina mojawapo huota ndani au kandokando ya ventrikali ya nne, chemba ya maji ya ubongo iliyo nyuma ya shina la ubongo. Takashi Komori na wenzake waliieleza mwaka 2002 kutokana na wagonjwa 11. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliiweka daraja la 1, lile la uvimbe unaokua polepole. Ni nadra sana, na wengi wanaoipata ni vijana.

Dalili ni kuumwa kichwa, kutapika, kuona vitu viwiliviwili na kuyumba. Uvimbe ukiziba njia ya maji ya ubongo, maji hujaa kichwani na hali huwa ya dharura. Katika zahanati za kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya mgonjwa wa namna hii hupimwa malaria kwanza, na ni haki. Asipopata nafuu, aambiwe atembee kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na anayeshindwa anahitaji picha ya kichwa upesi.

CT skani huonyesha maji yaliyojaa, lakini mifupa minene ya kisogoni huharibu picha ya eneo hili, kwa hiyo MRI ni bora zaidi. Hata hivyo, kifua kikuu na mabuu ya tegu huweza kuacha donge ubongoni linalofanana na uvimbe. Ndiyo maana safari ya kutoka miji ya kaunti hizo, kama Wote au Mutomo, huishia kwa wapasuaji wa ubongo jijini Nairobi, kama wale wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Jibu la mwisho hutoka kwenye hadubini, kipande cha uvimbe kinapochunguzwa. Nyuroni ndogo huonekana zimejipanga duara. Kando yake glia hufanana kabisa na astrositoma, uvimbe wa glia ulio wa kawaida kwa watoto. Kipande kidogo chenye glia peke yake humpotosha hata mtaalamu hodari wa patholojia, hivyo daktari anayesoma sampuli lazima aione MRI pia.

Uvimbe huu huweza kurudi baada ya miaka. Familia iombe nakala ya ripoti ya patholojia na picha zote, izitunze nyumbani, na izibebe kila kliniki.