Joto la Mshtarii: swali lililokaa miaka 40

Vijana wenzetu, leo tunaenda mbali kidogo, hadi sayari ya Mshtarii, ile ambayo wengi wetu shuleni tuliizoea kwa jina la Jupita. Ukiiona usiku inang'aa, unachokiona ni mwanga wa jua unaorudishwa na mawingu yake. Juu ya mawingu hayo kuna hewa nyembamba ya haidrojeni, na hiyo macho hayaioni kabisa.

Lakini haidrojeni ina alama yake. Mwaka 1906 Mmarekani Theodore Lyman aligundua mwanga wake wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Shida ni kwamba hewa ya dunia yetu inaumeza mwanga huo. Hata uwe na darubini kubwa namna gani, ukiwa huku chini hupati kitu. Ndiyo maana ilibidi vifaa vipelekwe nje ya hewa: Pioneer 10 ikapita Mshtarii mwaka 1973, na setilaiti ya IUE ikarushwa 1978.

Mwaka 1979 zikafika Voyager mbili. Chombo kilipopita nyuma ya sayari, kiliona jua likizama ndani ya hewa ile. Gesi yenye joto hutanuka kwenda juu, kwa hiyo namna urujuanimno ulivyofifia ilionyesha joto la huko. Jibu: mamia ya nyuzi! Jamani, Mshtarii iko mbali na jua mara 5 kuliko sisi. Hesabu ya jua peke yake ilitoa baridi ya nyuzi 70 hivi chini ya sifuri.

Wangeweza kusema kifaa kimeharibika, yakaisha. Hawakufanya hivyo. Desemba 1995 kifaa kilichoachiwa na Galileo kiliingia ndani ya hewa yenyewe, na joto likakutwa lipo kweli. Mwaka 2021 watafiti waliotumia darubini ya Keck kule Hawaii, safari hii kwa mwanga wa infraredi, wakachora ramani yake: joto linaanzia kwenye mianga ya ncha za sayari, kisha linasambaa kuelekea ikweta.

Kusubiri sisi tunakujua. Hawa walisubiri huku wanapima. Basi ukiwa na swali ambalo mwalimu hana jibu lake, usilitupe. Liandike kwenye daftari, uweke na tarehe. Halafu tuandikie hapa chini, tulisome pamoja.