Viondo na Mikono ya Mama Zetu

Mgeni ashukaye Thika na kuuliza njia ya kwenda Makongeni huonyeshwa maduka, makanisa na nyumba za kupanga zilizosongamana. Mkonge wenyewe haumpokei. Jina tu ndilo lililosalia kutukumbusha zao lililotawala nchi hii. Katika taarifa ya kila mwaka tumezoea kuwapa wanachama hesabu ya michango, karo na maziko. Mwaka huu kamati imetuagiza tuongeze habari za kazi ya mikono ya watu wetu. Tumechagua kiondo, maana hakuna mtu kati ya Ruiru na Thika asiyekijua kwa macho, ingawa wachache wakijua kwa habari zake.

Husemwa kwamba kiondo ni kitu cha kale kisichobadilika. Sivyo. Uzi wake umebadilika mara nyingi. Lisilobadilika ni jambo jingine, nalo tutalitaja mbele.

Hapo zamani uzi ulitoka vichakani. Kulikuwa na mti mdogo uitwao mugio, ambao ganda lake lina nyuzi imara. Mwanamke alikata fito, akabandua ganda, akatenga utepe wa ndani, akaukausha. Baadaye aliulainisha kwa maji na kuusokota pajani kwa kiganja, nyuzi mbili zikizungukana kuwa uzi mmoja. Kazi hii ilifanywa penye moto jioni, au wakati wa kungoja mvua ipite, hata njiani mzigo ukiwa mgongoni. Haikuwa na saa yake maalumu, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu aliyeihesabu.

Kiondo huanza kitakoni. Nyuzi chache hufungwa pamoja katikati na kutawanywa kama miali ya jua. Hizo ndizo mtande. Kisha nyuzi mbili za mshindio huzungushwa, moja ikipita mbele ya mtande na nyingine nyuma yake, zikipishana kila hatua. Kitako kinapopanuka, mtande mpya huongezwa. Upana ukitosha, msukaji huacha kuongeza, na ubavu ukaanza kupanda. Hapana kitanda cha mfumi wala mashine. Vidole ndivyo vyombo. Mwisho hutiwa mkanda wa ngozi, uitwao mukwa, ambao mwanamke huupitisha kipajini ili mzigo ulale mgongoni. Kwa kiondo mama zetu walibeba viazi, maharagwe na mtama. Kwa kiondo walikwenda kumtazama mzazi, wala hawakwenda nacho kitupu.

Wageni waliiona kazi hii mapema. Mwaka 1910 Bwana na Bibi Routledge, Waingereza, walichapisha kitabu kikubwa juu ya Wakikuyu, na katika jina la kitabu wakatuita watu wa kabla ya historia. Hata hivyo wenyewe walijaza kurasa nyingi kueleza ufundi wa watu hao. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, mwana wa upande wa Gatundu, aliandika Facing Mount Kenya. Humo aliuweka usukaji katika sura moja na ufuaji wa chuma, ufinyanzi na utengenezaji wa ngozi. Kwake usukaji ulikuwa miongoni mwa kazi kuu za taifa.

Mkonge nao una safari yake. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ipelekwe Tanganyika ya leo. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka huko mkonge ulienea. Kabla ya vita vya 1914 walowezi Swift na Rutherford walikuwa wameupanda Punda Milia, upande wa Makuyu, na reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Mashamba yakapanuka, nayo kahawa ikaifunika Ruiru. Vichaka vilifyekwa, na mugio ukapungua pamoja navyo. Mama zetu walipoteza uzi wao siku zilezile walipopoteza ardhi.

Lakini hawakukaa wakilia. Waliitazama katani inayotoka katika jani la mkonge, wakaona ni nyeupe, ndefu, yenye nguvu, tena yashika rangi vizuri. Mkonge ulipandwa hata katika nyua za mashamba madogo, na mwanamke akaweza kukata majani machache, kuyakwangua nyama yake kwa ubao na kisu, kuziosha nyuzi na kuzianika. Mmea ulioletwa ili kutengeneza kamba za meli na za kufungia nyasi za ng'ombe wa Ulaya ukawa mfuko wa mwanamke wa Gatundu. Hilo twaliona kuwa ushindi, ijapokuwa halikuandikwa katika gazeti lolote.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Tangu 1954 watu wa Kiambu na Murang'a walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vyenye walinzi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, na wanawake walichimbishwa mahandaki. Mwaka uleule wa 1952 ulianzishwa umoja wa Maendeleo ya Wanawake, ambao vyama vyake vilifundisha kazi za mikono. Wengine waliuona kuwa chombo cha serikali ya kikoloni, nao walikuwa na sababu. Wengine walipata humo shilingi ya chumvi na ada ya shule. Yote mawili ni kweli, nasi hatuna haki ya kufuta mojawapo.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka tena. Katani ya kiwandani ilishindana na nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi ya mkonge karibu na Thika yakageuzwa kuwa ya mananasi. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilisafiri hadi Ulaya, Marekani na Japani, vikibebwa begani na wanawake wasiojua mukwa ni nini. Haukupita muda, viwanda vya Asia vikaanza kuviiga. Soko la nje likapungua, na wasukaji wa kwetu wakageukia sufi na nailoni, zinunuliwazo dukani zikiwa zimekwisha kusokotwa.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Tulipokuwa wanafunzi katika shule ya bweni ya misheni, mama alituletea chakula katika kiondo. Tuliona haya mbele ya wenzetu, tukamwomba siku nyingine aje na mfuko wa plastiki. Alikubali bila neno. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo, tulikwenda sokoni kutafuta kiondo kwa fedha zetu, tena tukapunguziwa bei kwa ubishi mwingi.

Aliyetuuzia alikuwa mama mzee. Tulipomaliza kubishana alituambia, "Mjukuu wangu, umenilipa kusuka. Je, kusokota nani atalipa?" Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Tumepeleleza baadaye tukafahamu kwamba katika kiondo cha katani iliyosokotwa kwa mkono, uzi ndio ulao siku nyingi. Kusuka hufuata nyuma. Mnunuzi huona umbo na rangi, hauoni uzi ulivyopatikana.

Hilo ndilo jambo lisilobadilika tuliloahidi kulitaja. Tangu mugio hadi katani, na tangu katani hadi nailoni, mkono ulifuata kila uzi mpya bila kushindwa, lakini saa za kusokota hazikuhesabiwa kamwe. Basi tusishangae binti zetu wakiikimbia kazi hii. Hawaikimbii kwa uvivu, wanajua hesabu.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu mashauri matatu. La kwanza, viondo vitakavyouzwa kwa mkono wa chama vipangiwe bei kwa kuhesabu siku za uzi na siku za kusuka, kila moja mbali. La pili, kila kiondo kifungwe kikaratasi chenye jina la aliyekisuka, akipenda. La tatu, tuiandikie serikali ya kaunti, kwa kuwa sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi yaitaka kila kaunti kuweka daftari ya maarifa hayo. Wazee wanaojua kusokota mugio wapungua kila mwaka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Tena twaomba jambo dogo. Mwanachama ajapo mkutanoni mwaka ujao, aje na kiondo, na awe tayari kutuambia ni nani aliyekisuka.