Masenta wa Denver, kutoka Haywood hadi Jokić

Denver Nuggets ilianza kucheza mwaka 1967 kwa jina la Rockets, katika ligi ya ABA. Jina la sasa ililipata 1974, na miaka miwili baadaye ikaingia NBA. Mji wake uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mechi inayoanza kule saa moja usiku, majira ya baridi, kwetu Amu huwa ni saa kumi na moja alfajiri. Mpenzi wa kikapu huku huitazama adhana ikikaribia, kisha barazani lizuke lile swali: nani senta bora wa timu hii?

Wa kwanza ni Nikola Jokić, wala hapana ubishi. Mserbia huyu alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, na mwaka 2023 akaipa klabu ubingwa wake wa kwanza wa NBA kwa kuifunga Miami 4–1. Katika mtoano ule aliongoza ligi nzima kwa pointi, ribaundi na pasi za kufungisha. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Ubishi uko kwenye nafasi ya pili. Wengi humpa Dan Issel, mfungaji hodari aliyeichezea Denver miaka kumi, 1975 hadi 1985. Mimi nampa Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, mwenye urefu wa mita 2.18, aliyekwenda Marekani kusomea udaktari kabla kikapu hakijamchukua.

Mwaka 1994 Denver iliingia mtoano ikiwa ya nane, yaani ya mwisho, ikapangiwa Seattle, vinara walioshinda mechi 63. Ikapoteza mbili za mwanzo. Kocha wake alikuwa nani? Issel huyohuyo. Mutombo akaufunga mlango: katika mechi tano alizuia mitupo 31. Mei 7, ugenini, mechi ya tano ikaenda muda wa nyongeza, Denver ikashinda 98–94. Filimbi ilipolia Mutombo alikuwa chali sakafuni, mpira ameuinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, mdomo wazi kwa furaha. Timu ya nane haikuwahi kumtoa kinara kabla ya siku ile. Pointi zote za Issel, kwangu mimi, hazifikii wiki ile.

Basi Issel ni wa tatu. Wa nne ni Marcus Camby, mlinzi bora wa ligi mwaka 2007. Spencer Haywood nampa ya tano kwa sababu alikaa msimu mmoja tu, 1969–70, ingawa msimu wenyewe ulikuwa wa ajabu: wastani wa pointi 30 na ribaundi 19.5.

Mutombo alifariki Septemba 30, 2024, akiwa na miaka 58. Jezi yake namba 55 haivaliwi tena Denver, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, yenye vitanda 300, ilifunguliwa 2007. Kijana wa Amu unayecheza chini ya ringi, itafute ile mechi ya Seattle uitazame yote, dakika za nyongeza usizikose.